Siku Wagimin Alipokatazwa Kusimama

Wagimin alikuwa fundi wa tofu, ile jibini ya maharage ya soya, na tofu yake ilikuwa nzuri kuliko siasa zake. Mara mbili aligombea ukuu wa kijiji cha Karangweru, mara mbili akaangushwa na Tarjono, mtu mwenye tumbo kubwa asiye na sera hata moja. Safari ya tatu Wagimin aliapa kwamba sasa basi, lazima ashinde.

Karangweru hakuna anayedhani kwamba ukuu unatokana na kura peke yake. Kura ni kazi ya makarani. Ukuu ni nuru, inashuka kutoka juu na kutua kwa yule inayempenda. Ndiyo maana siku ya uchaguzi wagombea huketishwa jukwaani, wamepambwa kama maharusi, toka asubuhi hadi saa nane mchana, ili nuru iwakute. Mzee Kromo, mganga wa Wagimin, alimwonya: "Ukiinua makalio tu, imehama. Hata nzi akuingie puani, we kaa."

Kwa kuwa mganga mmoja hamtoshi mtu aliyeshindwa mara mbili, Wagimin alipitia pia kwa shekhe wa madrasa, akapewa gilasi ya maji ya dua. Mlinzi wa kaburi la walii naye akampa yake. Kromo, asije akaonekana mdogo, akaleta jagi zima. Wagimin aliyagugumia yote kabla ya kupanda jukwaani, na kati ya watu wa Mungu hao watatu hakuna aliyefikiria kibofu.

Kufikia saa tano jasho lilikuwa linamtiririka. Tarjono, kwenye kiti cha pili, alikuwa ameshakwenda chooni mara mbili na kurudi akipiga mluzi.

"Vipi jirani, mbona umekunja uso? Nuru inachoma?"

"Niache, Tarjono."

"Nenda kakojoe, bwana. Mungu anakuona hata huko."

Ndipo alipofika Bi Ginah, mama yake Wagimin, na magoti yake mabovu. Sanduku la kura lilikuwa jukwaani, nyuma ya wagombea, na ngazi haikuwa na pa kushika. Akasimama chini, mbele ya kiti cha mwanawe, akanyoosha mkono.

"Min, nishike."

Zilikuwa hatua mbili tu. Wagimin akautazama ule mkono, akatazama juu.

"Ngoja kidogo, Mama. Nikisimama tutakosa."

"Tutakosa nini?"

Wagimin akayarudisha macho juu. Tarjono ndiye aliyeinuka, akamshika bibi kwapani, akampandisha polepole huku akimuuliza habari za magoti. Wagimin aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini hakubanduka.

Saa nane kengele ilipolia, alikimbilia chooni na mavazi yake yote ya kifalme. Jioni matokeo yakatangazwa: Tarjono kura mia nne kumi na mbili, Wagimin mia nne kumi na moja. Mzee Kromo alieleza kwamba nuru ilishuka vizuri kabisa, ila ilimkuta mtu anatetemeka, ikaogopa.

Nyumbani Wagimin hakukalika.

"Kura moja, Mama! Moja! Huyu Tarjono ana mganga mkali kuliko Kromo. Nitamsaka mpaka nimjue ni nani."

Bi Ginah aliendelea kumenya vitunguu vyake.

"Usihangaike, mwanangu," alisema. "Ni mimi."