Chetezo Kando ya Kompyuta

Bi Shekha wa Mambrui hakuwa mtu wa kupokea mgeni ovyo ovyo. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuta busati limekung'utwa, kahawa i motoni na chetezo kinafuka udi. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo yeye na marehemu mumewe, Awadh, walivyomlea binti yao wa pekee, Hafswa, mpaka akaolewa akapelekwa Maskati.

Kabla ya kuondoka, Hafswa alimwachia mamake kompyuta yake kubwa ya mezani ili wawe wakionana kila Ijumaa baada ya swala, maana simu ya Bi Shekha ilikuwa kabambe ya kupigia tu, na macho yake nayo yalikuwa yamechoka. Bi Shekha hakuona sababu ya kubadili adabu. Mwanawe alikuwa anakuja nyumbani, ati! Aje kwa kioo au aje kwa mlango, kuja ni kuja. Basi kila Ijumaa alijitia wanja, akavaa leso safi, akatia kaa la moto chetezoni, akaweka udi juu yake, kisha akakituliza chetezo pale pale mezani, kando ya sanduku la kompyuta. Moshi ukianza kupanda, hapo ndipo alipojiona mwenyeji.

Siku za karibuni kompyuta ilikuwa imeanza tabia mpya. Ukiiwasha, inalia tii, tii, halafu kioo kinakuwa cheusi chenye maandishi meupe ya Kiingereza. Kiingereza Bi Shekha hakuwa nacho, wala hakuwahi kulalamikia kukikosa. Aligundua mwenyewe kwamba kuna kitufe kimoja pale juu ya kibodi, ukikibonyeza mambo yanaendelea. Akaamua kwamba ile ni hodi. Mashine nayo imefunzwa, yabisha kabla ya kuingia. "Karibu, karibu," akawa aiambia, huku akibonyeza.

Ijumaa moja hodi ikapigwa, ikaitikiwa, na Hafswa akatokea na uso wa mtu asiyelala. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume juzi tu.

"Mama, ngoja nimlete umwone. Ana pua ya Baba, hutaamini," akasema, akainuka.

Kioo kikazima. Bi Shekha akaiwasha tena, ikabisha hodi, ikazima. Akaiwasha tena, vilevile. Akabaki amekaa mbele ya kioo cheusi akiutazama uso wake mwenyewe, akalia, mtu mzima yule, kama aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Wiki ile haikuwa na mwisho. Kwenye kabambe alimsikia mtoto akilia, lakini kilio cha kichanga ni kilio cha kichanga, hata wa jirani alia hivyo hivyo. Yeye alitaka kuiona pua.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, akaja Musembi, fundi wa kompyuta kutoka Malindi mjini. Kwao ni Kitui, lakini pwani alikuwa amekaa vya kutosha kujua kwamba kahawa ya mwenye nyumba haikataliwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa kwanza, mashine haina miguu."

Alipomaliza kunywa akaiwasha. Tii, tii.

"Karibu," akasema Bi Shekha kwa mazoea.

Musembi akageuka. "Unamkaribisha nani, mama?"

"Si yenyewe yabisha hodi?"

Musembi akainamisha kichwa kidogo, asionekane anatabasamu. "Hiyo si hodi, mama. Inalalamika. Ndani kuna feni ndogo ya kuipoza, na imeandika hapa kwamba feni haizunguki. Joto likizidi inajizima yenyewe, isiungue."

"Yalalamika tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuikaribisha."

Akafungua sanduku. Alitarajia vumbi na kutu ya upepo wa bahari, kama kwenye nyumba zote za huko. Alichokikuta ni masizi meusi ya kunata, yameishika ile feni pande zote, na harufu nzuri ajabu. Akanusa tena. "Mama, udi unachomea wapi?"

Bi Shekha akanyoosha kidole kuelekea mezani, na kabla mkono haujafika akawa ameelewa. "Basi ni mimi," akasema polepole. "Nimeiua kwa mkono wangu."

"Haijafa. Imeshiba udi tu."

Akaisugua kwa brashi na pamba yenye spiriti, akaidondoshea feni mafuta, akaisukuma kwa kidole ikazunguka. Ilipowashwa, haikulia.

"Mbona haibishi?"

"Ikinyamaza ndiyo nzima, mama. Ila chetezo kikae mbali nayo."

Bi Shekha akakichukua chetezo, akakirudisha jikoni.

Baada ya swala Musembi alikaa nje barazani, ahakikishe kompyuta haizimi tena. Ndani, Bi Shekha alijiona kama amempokea mgeni bila kujitanda. Nyumba ilinuka spiriti. Hafswa akatokea, kitoto kifuani, akamkazia mamake macho.

"Mama, wewe u mgonjwa?"

"Mzima, alhamdulillahi. Kwani nini?"

"Mbona leo hakuna moshi?"

"Kumbe wauona?"

"Kila Ijumaa wapita mbele ya uso wako. Nikiuona nanusa, Mama. Wallahi nanusa. Nimemwambia huyu leo atauona udi wa kwao."

 Bi Shekha akageukia mlangoni. "Musembi, mwanangu, mbali ni wapi?"

Musembi akaingia, akatazama dirisha, akaona pazia linavyovutwa nje na upepo. Akatua kigoda chini ya dirisha, nyuma ya kiti cha Bi Shekha. "Hapa, mama. Upepo utautoa."

Chetezo kikaletwa na kaa lake, udi ukawekwa. Moshi ukapanda nyuma ya bega la Bi Shekha, ukajivuta kwenda dirishani. Feni ilikuwa ikizunguka. Hafswa akavuta pumzi ndefu, kisha akamsogeza mtoto mpaka uso wake mdogo ukajaa kioo kizima, na katikati yake ilikuwepo pua ya Awadh, haikupungua wala kuzidi.

"Karibu, mume wangu," Bi Shekha akamwambia mjukuu wake, kama bibi wote wa huko wawaambiavyo wajukuu wa kiume. "Hukubisha hodi, lakini karibu."