Vitunguu vya Kisima cha Bibi

Kisima cha bibi mzaa mama, kule mtaa wa Chaani, alikichimba babu kwa mikono yake mwaka aliomuoa. Babu alipofariki, bibi alibaki nacho. Hakumnyima maji jirani yeyote, awe mtu wa pwani au wa bara.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea mimea. Mwalimu alitufundisha kupima maji kwa kitunguu: unakikwangua kitako, unakikalisha juu ya gilasi kiguse maji, kisha unangoja. Maji yakiwa mazuri, mizizi hushuka mirefu, myeupe. Yakiwa na madini mazito, risasi au zebaki, mizizi hudumaa. Nilikichukua kisima cha bibi kiwe mfano wa maji safi. Nilikuwa na hakika nacho.

Nikapanga gilasi sita kwenye dirisha la jikoni, tatu za maji ya kisima, tatu za maji ya mvua. Bibi akacheka.

"Vitunguu vyangu vya pilau wavikogesha?"

Siku ya tano nikavitoa. Vya maji ya mvua vilikuwa na ndevu ndefu. Vya kisima vilitoa vijinundu vya kahawia, vigumu, vimepinda. Nikasugua gilasi upya, nikarudia na vitunguu vingine. Yakawa yale yale.

Kitunguu huonyesha kwamba maji yana sumu, lakini hakisemi ni sumu gani. Mwalimu akapeleka chupa ya maji ya kisima maabara. Wakati tukingoja majibu, nilibeba mitungi ya maji ya bomba, yaliyotiwa dawa, kutoka mtaa wa Magongo, nikawa naijaza ndoo ya maji ya kunywa kabla bibi hajaamka. Majibu yakaja: risasi. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ukuta, watu walikuwa wakivunja betri kuukuu za magari na kumwaga maji yake chini.

"We mwana," bibi akaniita jioni ile.

"Abee."

"Maji ya ndoo yana ladha ya dawa. Wanificha nini?"

Nikamweleza yote. Akatazama mikono yake.

"Kwa hivyo babu yako alichimba vibaya?"

Hilo sikulitarajia. Nikapiga magoti mbele yake. "La, bibi. Alichimba vizuri, wallahi. Sumu imetoka juu, imekuja yeye keshaondoka."

Hapo ndipo alipolia.

Asubuhi alijitanda leso, akatia gilasi mbili zenye vitunguu vyake kwenye sinia, tukapita nyumba kwa nyumba. Karatasi ya maabara ilibaki mkobani mwangu, hakuna aliyeiulizia. "Tazameni," alikuwa akisema. "Hiki kimekunywa maji ya mvua, hiki kimekunywa maji yangu. Yameingia sumu ya risasi. Niwieni radhi."

Jirani mmoja, mama wa kutoka bara ambaye mumewe ni kuli bandarini, akampokea sinia. "Mama, kwani ni wewe uliyeitia?" Siku hiyo hiyo akawapeleka watoto wake zahanati kupimwa damu, na wengine wakamfuata.

Wavunja betri waliondoshwa baada ya miezi kadhaa ya malalamiko. Kisima hakikufaa tena kwa kunywa. Fundi alipokuja kukifunika, bibi alitaka kigoda chake kiwekwe karibu. Alinishika mkono muda wote fundi akilainisha saruji, na hakuuachia mpaka kazi ikaisha.