Mtaa Wetu Ulihesabiwa Watu Kumi na Mmoja

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mwanamke nisiyemjua alifungua mlango wa nyumba yetu kwa ufunguo.

Hukusoma vibaya. Kwa ufunguo.

Akaingia akiburuta sanduku la magurudumu, akavua viatu, akajitupa kwenye kochi la mama yangu, kisha akaniuliza, "Samahani dada, nywila ya intaneti ni ipi?"

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na taulo, mswaki mdomoni, povu linanishuka kidevuni.

"Wewe ni nani?"

"Mgeni. Nimelipia siku tatu. Wewe ndiye wa usafi?"

Khaa!

Nilikwenda kutema povu kwanza, maana maneno niliyotaka kusema yalihitaji mdomo mtupu. Nikarudi nikamwambia humu wanaishi watu, na mmoja wao ndiye huyu anayemwona amevaa taulo.

Maskini, alishtuka kweli. Akatoa simu, akanionyesha.

Jamani. Sebule yetu ilikuwa ndani ya simu ya mtu baki. Kochi letu lile lile, mapazia ya sikukuu, vitambaa alivyofuma mama kwa mkono wake vimetandikwa juu ya meza. Chini wameandika, "Nyumba tulivu, yenye hali ya kinyumbani, inafaa wageni wa siku chache." Na pembeni kabisa ya picha, karibu na mlango, zilionekana ndala za mama, ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweusi.

Nilisikia kinyaa, kama mtu aliyemkuta mgeni anasugulia meno mswaki wake.

Yule dada hakukaa. Aliniomba radhi mara tatu, akavaa viatu, akaondoka na sanduku lake. Yeye sina ugomvi naye hadi leo. Kabla hajaondoka alinionyesha alikotoa ufunguo. Pembeni ya mlango, nyuma ya bomba la maji, kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye namba. Unabonyeza namba, kinafunguka, unachukua ufunguo wa nyumba ya watu.

Sasa nikakumbuka zile picha zilipigwa lini.

Wiki tatu nyuma mwenye nyumba alikuja. Sisi tunamwita Mzee Tabasamu, kwa sababu hata akikupandishia kodi anacheka. Alisema anakagua nyufa, anataka kuleta fundi rangi. Mama alifurahi mpaka akapiga deki mara mbili na kutoa mapazia ya sikukuu kabatini. Mzee akapiga picha, "za kumwonyesha fundi." Mama akamletea glasi ya maji ya baridi juu ya kisahani.

Yaani mama yangu aliipamba nyumba kwa mikono yake ili atolewe ndani yake. Nikifikiria hayo maji ya baridi, nyongo inanipanda hadi sasa.

Ngoja nikwambie kuhusu mama, ndipo utanielewa.

Mama anafua mashuka hospitalini. Zamu yake inaanza saa moja kamili asubuhi, na msimamizi wake hajui neno pole. Goti lake la kulia limekwisha. Nyumba ile ameishi miaka ishirini na sita, mimi nimezaliwa humo, na hakuwahi kufikiria kuhama kwa sababu moja tu: kituo cha basi kiko hatua arobaini kutoka mlangoni.

Na kila asubuhi anavuka barabara kwenda kugeuza.

Kama kwenu hamna neno hilo, maana yake ni hii. Mabasi ya kwenda mjini yanafika mtaani kwetu yameshajaa kule mwisho wa njia, na mengine hayasimami kabisa. Kwa hiyo unavuka, unapanda basi linalotoka mjini, ambalo asubuhi ni tupu. Unakwenda nalo hadi mwisho wa njia, unakaa kwenye kiti chako wenzako wakigombania mlango, basi linageuza, na wewe unapita tena mtaani kwenu umekaa. Mtaa mzima tunafanya hivyo. Ukitaka kumjua mgeni wa mtaa wetu, mtazame anasimama upande upi.

Basi, nilivaa, nikamfuata Mzee Tabasamu kwake. Nilimkuta barazani anakula yai la kuchemsha.

"Karibu, binti yangu."

"Sikaribii. Nyumba yetu inafanya nini kwenye simu za watu?"

Akacheka. "Aa, hilo! Nimetangulia siku chache tu. Sheria imebadilika, binti yangu."

"Tuna mkataba."

"Mna mkataba wa makazi. Mtaa huu si wa makazi tena. Kuanzia mwezi ujao ni mtaa wa wageni."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya jiji. Niliisoma nimesimama. Walikuwa wamepanga upya matumizi ya mitaa pamoja na njia za mabasi, kwa mkupuo mmoja. Mtaa ambao watu wanaopanda basi asubuhi kwenda kazini hawafiki hamsini, huo si mtaa wa wakazi. Wenye nyumba wanaruhusiwa kupangisha kwa siku, wapangaji wa zamani wanapewa miezi miwili, na kituo cha basi kinaondolewa.

"Hawafiki hamsini? Sisi?"

"Mimi sikuhesabu," alisema. Kipande cha kiini cha yai kilikuwa kimemganda kwenye mdomo, kinapanda na kushuka na lile tabasamu. "Alhamisi kuna kikao cha maoni. Nenda katoe maoni."

Nikasonya, nikaondoka.

Alhamisi tulijaa ukumbini. Mama alikuja na sare yake, ananuka dawa ya kufulia, akakaa mstari wa mbele na kunyoosha lile goti. Mbele yetu alikaa afisa mipango, mwanaume msafi mwenye kalamu tatu mfukoni, na katika saa nzima sikumwona akitumia hata moja.

"Ndugu zangu," akasema, "takwimu za kituo chenu ni wastani wa abiria kumi na mmoja kwa asubuhi."

Ukumbi ukacheka. Jirani yetu, fundi viatu, akainuka. "Mheshimiwa, kumi na mmoja ni nyumbani kwangu tu, na hapo mke wangu sijamtia."

Nami nikapandwa na mori. Nikasimama juu ya kiti, ndiyo, juu ya kiti, na kidole nimekinyoosha.

"Aliyehesabu alikuwa amelala! Au amenunuliwa! Mtoeni hapa tumwone uso, mtu wa kuuza watu wazima na magoti yao! Hana mama huyo?"

Makofi! Watu walipiga makofi hadi afisa akaomba utulivu.

Akafungua faili. Akawasha ile mashine ya kuonyesha picha, na fomu ikatokea ukutani, kubwa kama mlango.

Vijiti vya wino wa bluu. Vinne vinne, cha tano kinakatiza. Chini, tarehe. Kwenye tarehe kulikuwa na saba iliyokatwa mstari tumboni.

Mimi huikata saba yangu tumboni.

Afisa akasoma jina la karani aliyehesabu. Alilisoma lote, la kwangu, la baba, hadi la babu.

Nilikuwa bado juu ya kiti.

Ni kweli. Mwaka mmoja kabla, nikiwa sina kazi, nilipata kibarua cha siku tatu cha kuhesabu abiria, na baada ya kulipwa nikakisahau. Walinipa kizibao cha kung'aa, ubao na kalamu, wakaniweka kituoni kwetu. Fomu ilikuwa na safu moja tu: wanaopanda kuelekea mjini. Siku ya kwanza nilimuuliza msimamizi, "Na hawa wote wanaovuka?" Akanijibu, "Fomu ina safu ngapi?" Nikasema moja. Akasema, "Sasa?"

Sikubishana. Nilitaka kibarua kiishe nilipwe. Niliwatazama jirani zangu wote wakivuka mbele ya macho yangu, mmoja mmoja, na kalamu yangu imetulia.

Mama naye alivuka. Siku ile alikuwa na furaha kuniona na kizibao. Akanipungia mkono, akaniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Mwanangu, umeniandika?"

Nikamjibu, "Nimekuandika, mama."

Basi pale ukumbini nilishuka kwenye kiti, nikamwona mama ameinua uso ananitazama. Hakupaza sauti.

"Uliniambia umeniandika," alisema.

Nimetukanwa mara nyingi maishani na nimetukana zaidi. Hakuna tusi lililowahi kunipata kama lile, na halikuwa hata tusi. Kile kinyaa nilichokuwa nakigawa kwa Mzee Tabasamu na kwa yule wa kalamu tatu, kikarudi chote kwangu.

Nikasema ukweli mbele ya wote. Nikaeleza kugeuza, na ile safu moja. Afisa alisikiliza kwa adabu kabisa.

"Kwa hiyo asubuhi mnapanda gari linalotoka mjini?"

"Ndiyo."

"Kwa fomu yetu, huyo ni mtu anayekwenda nje ya mji."

"Lakini anakwenda kazini!"

"Fomu haiulizi anakokwenda, dada. Inauliza amepandia upande gani."

Tulipiga kelele mpaka akakubali hesabu irudiwe. Jumatatu, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kwa fomu ile ile. Tukatoka tunaimba. Nilijiona shujaa, mjinga mimi.

Jumamosi na Jumapili niligonga kila mlango. Niliomba radhi hadi sauti ikakauka. Niliwaambia kitu kimoja tu: Jumatatu msigeuze. Asubuhi moja tu, simameni upande wa mjini mhesabiwe.

Na walikuja! Saa kumi na mbili kamili walikuwepo watu zaidi ya themanini upande wa mjini, mama yupo, fundi viatu yupo, mwalimu wa chekechea yupo. Binti mmoja amekaa na ubao, amevaa kizibao, huenda ni kile kile changu. Machozi yalinilenga.

Basi la kwanza likaja. Limejaa hadi mlangoni. Likapita.

La pili halikupunguza hata mwendo.

La tatu lilipunguza, vijana wawili wakarukia mlango wakaning'inia. Binti akachora vijiti viwili.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Jamani, kwa nini sisi tunageuza? Si kwa sababu mabasi yanakuja yamejaa! Nilikuwa nimewakusanya watu themanini mahali ambapo tangu utoto wangu hapapandiki, halafu nikakubali wahesabiwe wanaopanda.

Saa kumi na mbili na nusu watu wakaanza kutazama saa. Mwalimu wa chekechea alikuwa wa kwanza. "Nisamehe, mdogo wangu, watoto wananisubiri," akavuka. Akafuata fundi viatu. Kisha kumi kwa pamoja.

Nikakimbia nikawazuia katikati ya barabara, mikono nimeitanua. "Subirini! Saa moja na nusu tu zaidi!"

Mama akanishika bega.

"Mwanangu, nibaki hapa nifukuzwe kazi, ili nisifukuzwe nyumba?"

Nikashusha mikono, nikampisha.

Akamgeukia yule binti wa ubao. "Umeniandika?"

Binti akaona haya. "Hujapanda, mama. Nikikuandika nitakuwa nimesema uongo."

"Vizuri," mama akasema. "Wewe umeniambia ukweli kuliko mwanangu."

Akavuka barabara akichechemea, akasimama pamoja na wenzake. Basi tupu likaja, wakapanda wote, wakaenda kugeuza. Walipopita tena walikuwa wamekaa, wananitazama dirishani. Basi limejaa. Halikusimama.

Hesabu ya siku hiyo ilikuwa tisa.

Afisa aliniambia kwa upole, "Mmepungua, dada." Ningekuwa na kiatu cha ziada ningemtupia.

Sasa tunakaa chumba kimoja karibu na mwisho wa njia. Kituo chetu cha zamani kimeng'olewa nguzo, na kwenye mlango wa nyumba yetu ya zamani kuna visanduku vya namba vitatu. Tunapanda basi mwanzo kabisa, tunapata viti bila taabu, na tunapopita mtaa wetu asubuhi sisi ndio tumelijaza. Wachache waliobaki kule wanasimama pembezoni kwenye vumbi, wananyoosha mkono, tunawapita. Mama hapo hugeuza uso upande wa pili.

Mwenzangu unayesoma hapa, sikuombi unionee huruma. Nakuomba hivi: siku ukipewa fomu yenye safu moja, na macho yako yanaona watu wa safu mbili, weka kalamu chini uulize. Uliza mpaka wakuchoke. Wakikufukuza, utakuwa umepoteza kibarua cha siku tatu.

Mimi nilikimaliza changu, nikalipwa.

Mama hajawahi kulitaja tena. Ila asubuhi akishakaa kwenye kiti chake, huniuliza, "Umepata nafasi?" Nami nikimjibu ndiyo, anageuka kutazama kwanza, ndipo aamini.