Mkono wa Kulisha Miwa

Mimi sikujaliwa subira. Siku niliyomwona mama mmoja akilisha miwa kwenye kinu cha sukari nguru, njia ya kutoka Rodi Kopany kwenda Rongo, mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole viwili tu. Vitatu vilichukuliwa na kinu hichohicho. Nilirudi kwenye chuo cha ufundi nilikofundisha nikiwa nimefura kwa hasira.

Nikawaambia wanafunzi tutaunda roboti, mkono wa chuma wa kusukuma miwa badala yake. Walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuokoteza: mota za waipa, zile za kufutia kioo cha mbele, kutoka lori bovu mjini Oyugis, mnyororo wa baiskeli, betri kuukuu. Bega, kiwiko na kiganja tulivifunga kwa nati za saizi moja, ili kipande kikifa kifungwe kingine, na wanafunzi wa mwaka ujao waubomoe na kuujenga upya wakijifunza.

Kosa letu lilikuwa ulafi. Miwa ya kujaribia ililiwa yote karakanani, nami nilitafuna huku nikiwafokea. Basi tukajaribu kwa fito za mikaratusi, zilizonyooka kama rula.

Siku ya kuufunga kinuni, yule mama alisimama kando ameshika kiuno.

“Mwalimu, hii mkono ikifanya kazi, mimi nitaenda wapi? Niko na watoto wanne.”

Niliendelea kukaza nati. Nilimwona hana shukrani, na hadi leo naona haya.

Miwa mitatu iliingia vizuri. Wa nne ulikuwa umepinda, ule wa kuangushwa na upepo shambani, ukakwama. Mkono wetu ukazidi kusukuma tu. Mama, kwa mazoea, akapeleka mkono wake wa kulia, ule mzima, kuunyoosha muwa, na chuma kikaanza kumsukumia kwenye magurudumu ya kinu. Mimi nilipiga mayowe. Yeye aliusukuma kwa bega ule mkono wa chuma, na kwa vile mota za waipa ni dhaifu, mnyororo ukateleza, mkono ukampisha.

“Yawa!” akasema, akivitazama vidole vyake kimoja kimoja. “Mwalimu, usiongeze hii kitu nguvu. Na unipe mahali ya kushika.”

Alasiri hiyo tuliufungia mpini wa jembe. Yeye akawa anachagua muwa, anaugeuza, anauelekeza, na mkono unasukuma. Vidole vyake vilikuwa mbali na kinu, nami moyo ukanitulia.

Mwenye kinu alikuja, akatazama, akafurahi sana. Akanivuta kando.

“Mwalimu, si sasa inaweza kufanya bila huyu mama? Toa hiyo mpini.”

Nilimtazama mama. Alikuwa ameacha kulisha, anasikiliza. Nikamwambia tajiri huyo kwamba bila mama yule, mkono wetu haufanyi kazi hata dakika moja. Ilikuwa kweli, na hata ingekuwa uongo ningesema vilevile.