Mwanamke Asiye na Mlango wa Kizazi

Kazi ya kuandika misimbo ya magonjwa niliianzia Randburg, kwenye kliniki ya daktari wa wanawake. Mpaka leo naikumbuka ofisi ile kwa mapenzi. Chumba kidogo, chai ya rooibos haikatiki, na bosi wangu, mama wa Soweto, alikuwa akinipakulia chakula chake kabla hajajipakulia mwenyewe.

Majibu ya vipimo vya seli yakija, tuliyageuza kuwa herufi na tarakimu ili bima isome na kuamua kama mgonjwa aendelee na matibabu. Bosi alinifundisha kusoma historia ya mgonjwa kwanza, majibu baadaye. Mimi, na ujuaji wangu niliotoka nao Tanga, nikaona ananichelewesha. Seli zenye kasoro karibu zote zilitoka kwenye mlango wa kizazi, na mkono wangu ukazoea kuandika msimbo huo kabla macho hayajafika mwisho wa karatasi.

Likaja faili la mama mmoja wa Lubumbashi, aliyehamia mtaa wa Troyeville, mjini hapo hapo, akishona kwa cherehani. Seli zake zilikuwa na kasoro, lakini zilitoka ukeni. Kizazi chake kilishatolewa miaka ya nyuma, pamoja na mlango wake. Mimi nikaandika mlango wa kizazi. Bima ikakataa, maana kiungo hicho hana. Miadi yake ya kuchunguzwa kwa darubini ikafutwa, akapelekewa ujumbe kwenye simu usiotaja sababu.

Bosi aligundua wiki mbili baadaye. Hakunigombeza, na ningeona afadhali angenigombeza. Aliniambia tu nimwite yule mama mimi mwenyewe, kwa kuwa lugha yetu ni moja.

Alikuja kesho yake, kavaa kitenge kipya, uso umemchangamka. Alidhani nimemwitia habari njema.

"Balifuta rendez-vous," akaniambia, "njo nikajua Mungu aliisha kuniponyesha. Nilitoa ushuhuda kanisani."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza kwamba hajapona, kwamba hakuna aliyesema ni kansa ila lazima achunguzwe upesi, na kwamba aliyekosea ni mimi. Akakunjakunja pindo la kitenge.

"Sasa kanisani nitabaambia nini?"

Akaniangalia.

"Weye njo utakuya kubaambia."

Nilisahihisha msimbo, bima ikakubali, na daktari alimwona juma lile lile, akakuta tatizo bado changa, akalitibu. Bosi alifurahi, nami nikadhani yameisha. Jumamosi yule mama akanipigia kunielekeza njia ya kanisani kwake.

Ndivyo nilivyoingia kanisani mara ya kwanza maishani, na ushungi wangu. Aliposimama kueleza alinionyesha kwa mkono, watu wote wakageuka. Nikawaambia Mungu wao hakumdanganya mama huyu. Mimi ndiye niliyeandika bila kusoma.