Nilivyolisahihisha jina la wilaya ya rafiki yangu Mchina, barua kwa mama yake isifike

Wakuu, habari za mchana. Hili nimelikalia miaka mingi, na ninavyoliandika ndivyo lilivyotokea, sijaongeza chumvi.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa Muscat, nafanya kazi laundry ya hoteli moja kule Qurum. Mimi napiga pasi, pembeni yangu dada wa Kichina, Mei, anashona vifungo na mapazia.

Tuliongea Kiingereza cha kuungaunga na Kiarabu cha kazini. Nilimfundisha kuniita dada.

Mvuke wa pasi ukijaa chumbani, Mei alikuwa ananisimulia kwao. Nyumba nyeupe zenye mapaa meusi, mto wa kijani, ukungu unaoshuka milimani asubuhi mpaka jirani humwoni, unamsikia tu anakohoa.

Nje jua la kuunguza, mimi ndani nausikia ubaridi wa ule mto miguuni. Kuna siku niliunguza shuka kwa kuota.

Mama yake alikuwa huko, hana simu. Waliachana vibaya, Mei aliondoka bila kuaga. Siku moja akaandika barua ya kuomba msamaha: kama mama bado anamtaka, mkataba ukiisha atarudi.

Karani wa posta akasema anwani iwe ya Kiingereza. Mei akanipa karatasi aliyoandikiwa na wakala aliyemtafutia kazi. Imeandikwa "She County".

Sasa wakuu, mimi Kiingereza form four nilipata B. Nikajua wakala kachemka. She ni yeye wa kike, na wilaya ni ya kwake, basi lazima iwe Her!

Nikaandika "Her County" kwa mwandiko mzuri kabisa. Hata sikumuuliza.

Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Mei akaacha kusimulia. Akaniambia, "Dada, mama hanitaki. Nasaini miaka miwili mingine."

Wiki ileile nikaikuta barua mapokezi, imerudi. Neno Her limezungushiwa wino mwekundu.

Nilifikiria kuichana, wallahi. Nilizunguka nayo mfukoni mpaka mchana, halafu nikampelekea na kumwambia nilichofanya.

Akaweka kidole kwenye ule wino mwekundu.

"She siyo Kiingereza," akasema. "Ni jina. Ni kwetu."

Akalitamka. Halikufanana hata kidogo na nilivyolisoma. Fupi, laini, kama pumzi iliyokatwa.

Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaleta bahasha mpya. Yeye akaandika Kichina, mimi chini yake nikaandika She, herufi kwa herufi, amenisimamia.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano hivi. Alilisoma amesimama katikati ya mashuka yaliyotundikwa, analia huku anacheka.

"Mama anasemaje?"

"Anagomba. Anauliza kwa nini nimechelewa kuandika. Anasema nirudi nyumbani."

Hakusaini ule mkataba.

Nilichojifunza: jina la kwao mtu usilisahihishe kabla hujamuuliza mwenyewe, hata kama B yako ni ya halali. Mei alinisamehe. Lakini ile miezi mitatu aliyoamini mama yake kamkataa, siwezi kumrudishia.

Kuna mwingine humu aliyewahi kurekebisha kitu ambacho hakikukosewa? Semeni, nisijione niko peke yangu.