Aliyepita Nyuma ya Esteri

Ungeingia chumbani kwa Esteri Hatungimana, pale Kibondo, usingedhani ni ofisi ya chuo kikuu. Laptopu ilikaa juu ya matofali ili kamera imfikie usoni, maana kabla ya matofali wakubwa zake walikuwa wakiona pua na dari tu. Rauta ilining'inia dirishani kwa kamba ya katani, imeelekezwa kwenye mnara, na chini ya meza lilikaa betri la sola la kushika kazi umeme ukikatika, na umeme kukatika huko si habari. Chuo kilimpa laptopu na hedifoni. Mengine yote alijitafutia mwenyewe. Kutoka hapo aliwahudumia wanafunzi wa nchi nzima waliokwama kwenye usajili, na wengi wao waliamini wanaongea na mtu aliyekaa ghorofani Dar es Salaam.

Hakuwasahihisha. Kunyamaza ndiko alikokuwa hodari nako, Esteri huyu. Miaka yote aliyofanya kazi makao makuu, Dar, aliyemuuliza kwao wapi alijibiwa "Kigoma", basi, maongezi yakahamia kwenye dagaa. Kwamba wazazi wake walivuka kutoka Burundi na mizigo kichwani, na uraia wakaupata wakiwa na mvi, hayo aliyameza na maji.

Aliomba kufanyia kazi nyumbani kwa ajili ya mama yake. Akimana, mama huyo, alikuwa na kisukari, na sindano za asubuhi na jioni zilitaka mtu wa kumchoma. Claude, kaka yake Esteri, alikuwa Rungwe Mpya na mashamba yake, na isitoshe akiona sindano anaanza kutetemeka yeye kabla ya mgonjwa. Esteri akamtoa mama kijijini Nyakitonto, akapanga nyumba Kibondo karibu na hospitali. Chuo kilimkubalia kwa majaribio na kwa masharti: awe na chumba chenye utulivu, na asiwe na mgonjwa wala mtoto wa kumhudumia saa za kazi. Alipoulizwa anaishi na nani, alisema anaishi peke yake. Akinyimwa kibali angelazimika kurudi Dar, na sindano za mama zingebaki mikononi mwa Claude. Hivyo ndivyo alivyojitetea moyoni, na hadi hapo pengine hata mimi ningemtetea.

Siku moja hedifoni iligoma. Kikao kilikuwa kimeshaanza, kwa hiyo Esteri aliacha sauti itoke kwenye laptopu yenyewe. Mama yake alikuwa uani akichambua maharage, akasikia wanaume wakizungumza na kucheka ndani ya nyumba. Sasa, mwanamke aliyelelewa kama Akimana, wageni wawe ndani naye mkubwa wa nyumba ajifiche uani? Afadhali aonekane mchawi. Alinawa mikono, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akamimina uji wa ulezi kwenye kikombe kikubwa, akaingia.

"Mwaramutse," alisalimu kwa Kirundi, akitafuta kwa macho walipokaa wageni.

Nyuma yake Esteri alikuwa ameweka picha ya rafu za vitabu, ile picha ya bandia ya kufichia chumba. Mashine haikuwa na habari na Akimana. Ilimfuta mwili mzima, ikaacha mkono na kikombe vikielea katikati ya vitabu.

"Esteri, naona mkono," alisema Mudathiri, mkuu wa kitengo chake. "Nani huyo? Si ulisema unaishi peke yako?"

Majibu yalikuwepo tele. Angeweza kusema mama amekuja kumsalimia, na nani angemkatalia mtu mama yake kumsalimia? Lakini ulimi wake ulikuwa na mazoezi yake ya siku nyingi.

"Ni mfanyakazi wa ndani tu, bosi. Samahani."

Lile "tu" hakuna aliyemlazimisha kuliweka. Akimana amesema Kiswahili tangu ujana wake, na alilisikia vizuri kama alivyosikia mengine. Aligeuka, akatoka na uji wake.

Kikao kilipoisha Esteri alimfuata uani. "Mama, nisamehe. Ni masharti ya kazi, wakijua..."

"Wakijua nipo, watakufukuza?"

"Watanirudisha Dar."

"Ego," mama alikubali kwa Kirundi, akaendelea na maharage. "Basi nimeelewa, mwana wanje."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Angesusa, angetaka kurudishwa Nyakitonto, Esteri angelia na kubembeleza yakaisha. Lakini mama aliweka kitenge cha kanisani sandukuni, akatoa khanga kuukuu ya shambani, na kuanzia kesho yake akawa anapiga hodi kwenye mlango wa chumba cha mwanawe na kungoja ajibiwe. Esteri alimwambia aache. Mama akasema, "Sauti inaweza kusikika huko kwenu," akaendelea kubisha. Esteri aliona aibu, na aibu yake ilikuwa na mizizi mirefu kuliko kikao kile. Alijua hakusema vile kwa ajili ya kibali peke yake. Alisema kwa sababu ya ile "mwaramutse".

Ikafika siku ya kuamuliwa kibali cha kudumu. Mudathiri alitaka kukiona chumba chenyewe, bila picha za vitabu. Asubuhi, akimchoma mama sindano, Esteri alisema, "Leo nitawaambia ukweli." Mama alishusha blauzi yake, akaenda kuwasha moto.

Esteri aliizungusha laptopu: meza, betri, rauta na kamba yake. Mudathiri alifurahi, akamtania kwamba ana ofisi nzuri kuliko yake. Esteri akavuta pumzi aanze. Hodi ikalia, na mama akaingia na chai kwenye sinia, khanga kuukuu kiunoni, kichwa ameinamisha.

"Shikamoo, bosi," alisema Akimana kwenye kamera.

Mudathiri alishtuka. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya mtu wa umri wa mama yake mzazi. "Hapana, mama! Mimi ndiye wa kukupa shikamoo. Umeanza lini kumfanyia kazi Esteri?"

"Zamani, baba. Alikuwa hajaanza kutembea."

"Kumbe umemlea! Na anakutunza?"

"Ananitunza sana. Msimsumbue, ni binti mzuri."

Mudathiri akacheka kwa furaha. Ukweli ulikuwa umemfika Esteri kwenye meno. "Bosi," alisema.

"Ndiyo, Esteri?"

Safari hii hapakuwa na picha ya kumfuta mtu. Kwenye skrini alimwona mama yake mzima mzima, amesimama nyuma yake na sinia, akimtikisia kichwa kidogo sana: usiseme. Na Esteri, ambaye angeweza kusema hata hivyo, alishukuru kukatazwa.

"Nilidhani mtandao unakatika," alisema.

"Uko safi kabisa. Kibali umepata, hongera. Msalimie huyo mama, amenikumbusha nyumbani."

Esteri aliizima laptopu, akaifunika, akaondoa mkono juu yake polepole. Mama alikuwa bado amesimama na sinia.

"Wamekwenda?" alinong'ona.

"Wamekwenda, mama."

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

Akimana akashusha pumzi, akatabasamu kwa furaha ya kweli. Kiti kilikuwa pale karibu naye, lakini hakukaa.

"Mungu ashukuriwe," alisema. "Sasa nambie, mwana wanje, nijue. Nibaki hivi siku zote, au ni saa za kazi tu?"